Aliwafungulia lango waliomwelekezea bunduki

Hebu jiweke katika hali hii, mpenzi msomaji. Ni saa saba na nusu za usiku na jamaa yako yote imelala. Ghafla mbwa anabweka kama aliyepagawa, kisha unasikia ua wa nyumba ukivunjwa. Unateremka ngazi polepole bila kuwasha taa. Ukichungulia mlangoni unamwona mtu unayemtambua, ana jeraha usoni, naye anataka umfungulie. Wewe ni mchungaji wa watu. Wamekuja kwako wajane, wamekuja wanaotafuta waume waliopotea, na hukuzoea kumfungia mtu nje. Unafungua.

Kumbe yule alikuwa chambo. Askari waliojibanza gizani wanakurukia, na mmoja anakugandamiza mtutu wa bunduki tumboni akidai uwaonyeshe silaha ulikozificha.

Hayo ndiyo yaliyompata Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, nyumbani kwake katika kilima cha Namirembe jijini Kampala, usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 5 Februari 1977. Hadi saa tisa za usiku askari walikuwa wakipekua. Waliingia vyumba vya kulala, wakaenda ghalani na kuchokora magunia ya nafaka, wakaingia hata katika kanisa dogo la nyumbani na kuchungulia chini ya meza takatifu. Hawakupata hata risasi moja.

Walipotaka kuondoka walisema wafunguliwe lango. Mkewe Askofu, Bi. Mary Lawinyo, hakuona kwa nini. Kwa maoni yake, watu waliokuja kwa kuvunja ua wangetoka kwa njia iyo hiyo waliyoingilia. Ni mama gani wa nyumba asiyemwelewa? Lakini mumewe alimwambia kuwa wao ni Wakristo, mioyo yao ni safi, na kwa hivyo lango litafunguliwa ili liwe ushuhuda kwa wale askari. Baadhi ya maofisa walicheka. Lango likafunguliwa, nao wakaenda zao.

Siku kumi na moja baadaye, Askofu huyo alikuwa maiti.

Nimekuwa nikikitafakari kisa cha lango hili kwa muda, hasa kila ninapowasikia vijana wa vyuo vikuu wakibishana iwapo imani humfanya mtu kuwa mnyonge. Kwamba ukishaokoka basi kazi yako ni kugeuza shavu na kunyamaza. Wanaosema hivyo wangefaa kusoma yaliyofuata baada ya usiku ule, kwa maana Luwum hakunyamaza hata kidogo.

MCHUNGA MBUZI WA MUCWINI

Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Mucwini, wilaya ya Kitgum, huko kaskazini mwa Uganda karibu na mpaka wa Sudan. Alikuwa Mwacholi. Utoto wake aliutumia akichunga mbuzi wa babake, na shule aliianza akiwa amechelewa. Lakini kichwa chake kilikuwa chepesi, akasoma Gulu, kisha akasomea ualimu katika chuo cha Boroboro karibu na Lira, akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Tarehe 6 Januari 1948 ndiyo aliyokuwa akiitaja kama siku ya kuzaliwa kwake mara ya pili. Aliguswa na mahubiri ya ndugu wa Uamsho. Wasomaji wengi wa hapa Kenya hawahitaji kuelezwa hao ni akina nani; pengine nyanya yako ni mmoja wao. Uamsho huo ulianzia Gahini nchini Rwanda, ukaingia kwetu mwaka wa 1937, na ndugu hao ndio wale wanaosalimiana kwa wimbo wa Kiganda hata kama hawajui neno jingine la lugha hiyo. Wakati wa hali ya hatari katika miaka ya 1950, wengi wao huko Kati walikataa kula kiapo cha Mau Mau na vilevile wakakataa kubeba bunduki za serikali ya mkoloni, wakawa maadui wa pande zote mbili. Wako waliouawa. Huo ndio ukoo wa imani aliotoka Luwum, na asiyeujua anaweza kudhani kuwa ujasiri wake ulizuka siku moja.

Alipewa upadri katikati ya miaka ya 1950, akapelekwa Uingereza mara mbili kusoma, akarudi kuwa mkuu wa chuo cha theolojia cha Buwalasi. Mnamo tarehe 25 Januari 1969 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kaskazini mwa Uganda katika uwanja wa michezo wa Pece, mjini Gulu. Miongoni mwa wageni waheshimiwa walioketi pale walikuwa Rais Milton Obote na mkuu wa majeshi yake, jitu la miraba minne lililoitwa Idi Amin.

Miaka miwili baadaye, tarehe iyo hiyo ya 25 Januari, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa serikali. Watu walimiminika katika barabara za Kampala wakishangilia. Shangwe hizo hazikudumu. Wanajeshi wa makabila ya Acholi na Lango walichinjwa katika kambi zao. Mwaka wa 1972 Wahindi walifukuzwa nchini, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alinyakuliwa kutoka ofisini mwake katika Mahakama Kuu na hakuonekana tena. Waulize wazazi waliosoma shule za upili za Kenya katika miaka ya 1970, watakuambia kuhusu walimu kutoka Uganda waliowafunza hesabu na Kiingereza. Wale hawakuja kwa sababu ya mshahara mnono. Walikuwa wakikimbiza roho zao.

Luwum akawa Askofu Mkuu mwaka wa 1974, wakati hali imekwisha kuharibika. Alichagua kwenda kuwaona wakubwa badala ya kuwakimbia. Alikwenda mara kwa mara katika makao ya kile kikosi cha ujasusi kilichopewa jina la kupumbaza la Utafiti wa Serikali, akiwauliza walio na bunduki: mtu wangu fulani mmemweka wapi? Wapo waliofunguliwa kwa ajili ya miguu yake. Lakini wapo pia Wakristo walionung'unika kwamba Askofu Mkuu anakaribiana mno na dikteta. Lawama hizo zilimfikia, na inasemekana zilimuuma. Jibu lake lilikuwa kwamba hajui siku atakayochukuliwa yeye mwenyewe, ila maadamu nafasi ipo atahubiri kwa nguvu zake zote, na kwamba dhamiri yake haimshtaki kuwa amejiunga na serikali ile.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mwaka wa 1976 Luwum aliwaita viongozi wa Kanisa Katoliki na wa Waislamu wakaketi pamoja kujadili mauaji na uporaji uliokuwa umezagaa nchini. Watu wa dini tatu kukaa chumba kimoja bila idhini ya Rais! Amin, aliyeishi kwa kuwagawanya watu, alikasirika sana aliposikia habari hizo.

BARUA

Turudi kwenye lango. Lilifunguliwa Jumamosi alfajiri. Siku chache tu baadaye, maaskofu wa Kianglikana walikusanyika na kuandika barua kwa Rais, iliyokuwa na tarehe ya 10 Februari. Si barua ya mtu anayebembeleza. Walimwambia Amin waziwazi kuwa ile bunduki iliyowekwa tumboni mwa Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo wa Uganda. Kama kiongozi wa kanisa anaweza kuvamiwa hivyo usiku, je, mkulima wa kijijini atapata wapi usalama? Walilalamikia watu wanaouawa na wasiofikishwa mahakamani, na nguvu kupita kiasi za wale majasusi ambao walimkamata waliyemtaka na kumwua waliyemtaka.

Hapa ndipo ninapotaka uyatazame matendo haya mawili kwa pamoja, kwa sababu tumezoea kuyatenga. Mtu yule yule aliyewafungulia askari lango bila kinyongo ndiye aliyeongoza kuandika barua hiyo. Hakuona mgongano wowote. Kuwasamehe askari lilikuwa jambo moja. Kuliita kosa kwa jina lake mbele ya aliyewatuma lilikuwa jambo jingine, na yote mawili aliyahesabu kuwa wajibu wake. Siku hizi tuna wahubiri hodari wa hilo la kwanza tu. Ukiibiwa shamba wanakuambia usamehe, na barua hawaiandiki.

Amin alimwita Luwum Ikulu ya Entebbe tarehe 14 Februari, akamshutumu kwa kula njama na Obote. Askofu alikana. Rafiki zake walimshauri akimbie, mpaka wa Kenya haukuwa mbali na wenzake wengi walikwisha kuvuka. Alikataa akisema yeye ndiye Askofu Mkuu na mahali pake ni hapo.

JUMATANO

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 16 Februari, viongozi wa dini, mawaziri, mabalozi na maelfu ya wanajeshi waliitwa kwenye jumba la mikutano la kimataifa jijini Kampala. Maaskofu walisimamishwa juani. Mbele yao palikuwa na bunduki na masanduku ya risasi yaliyopangwa kama bidhaa za sokoni, na taarifa ikasomwa iliyodai kuwa Luwum alihusika katika mpango wa kuipindua serikali. Luwum alitikisa kichwa tu, kukana. Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, aliwauliza wanajeshi wasaliti kama hao wafanyiwe nini. Wakajibu kwa kelele kwamba wauawe, wauawe papo hapo.

Baadaye maaskofu wakaambiwa waende nyumbani. Wote isipokuwa mmoja. Luwum aliambiwa kuwa Rais anataka kumwona faraghani. Kabla ya kuondoka alimwambia Askofu Festo Kivengere wa Kigezi kwamba watamwua, naye haogopi. Kivengere na mwenzake walibaki nje wakimngoja hadi jioni. Bi. Mary naye alikuja na kukataa kuondoka bila mumewe, hata ikabidi ashawishiwe kurudi nyumbani kwa usalama wake.

Hakurudi mtu.

Asubuhi iliyofuata, Radio Uganda ilitangaza kwamba Askofu Mkuu pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamefariki katika ajali ya gari walipojaribu kumnyang'anya dereva usukani ili watoroke. Ati watu watatu wazima, wakiwa mikononi mwa wanajeshi wa Amin, waliamua kupigana na dereva. Hata mtoto wa chekechea hakuyaamini hayo. Na maiti ilipofikishwa Mucwini chini ya ulinzi wa wanajeshi waliotaka azikwe haraka haraka, wanakijiji waliweza kuuona mwili. Ulikuwa na majeraha ya risasi.

Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa na mahakama kwa mauaji hayo. Amin mwenyewe, baada ya kung'olewa na majeshi ya Tanzania na wakimbizi wa Uganda mnamo Aprili 1979, aliishi uhamishoni kwa zaidi ya miaka ishirini na kufa kitandani hospitalini Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003. Mwenye kutafuta hadithi ambayo mwovu analipwa hapa hapa duniani asiitafute hapa.

KABURI TUPU

Huku Namirembe, waumini walikuwa wamemchimbia Askofu wao kaburi, kando ya lile la Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka wa 1885. Serikali ilipiga marufuku ibada ya kumkumbuka. Lakini tarehe 20 Februari ilikuwa Jumapili, na ibada ya Jumapili haikuwa imepigwa marufuku. Basi watu wakaja, maelfu kwa maelfu, katika mji ambao kuonekana tu mahali pasipofaa kungeweza kukugharimu maisha. Baada ya ibada walitoka wakalizunguka lile kaburi lisilo na mtu, wakaimba. Askofu Mkuu mstaafu, Erica Sabiti, akasimama mbele yao na kuwakumbusha yale ambayo malaika waliwaambia wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ya Pasaka wasimkute Bwana wao.

Sina haja ya kuongeza lolote juu ya mahubiri hayo. Amin aliwanyima maiti akidhani amewanyima kila kitu.

Ilikuwa hivyo pia katika karne ya kumi na tisa, na Waganda waliosimama pale walilijua hilo vyema. Kati ya mwaka wa 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua vijana wengi wa nyumba yake waliokataa kuacha dini yao mpya. Wanaohesabiwa rasmi ni 45. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Kundi kubwa zaidi lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, akiwemo Kizito aliyekuwa na umri wa kama miaka 14 hivi, rika la mwanafunzi wa darasa la nane enzi ya mfumo wa 8-4-4. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa amelelewa katika jamaa ya mnyongaji mkuu mwenyewe, Mukajanga, ambaye alimsihi mara nyingi aseme neno moja tu la kukana ili amfiche. Kijana hakulisema. Kabaka alitarajia kuwa dini hiyo itazimika pamoja na moto. Badala yake idadi ya walioomba kubatizwa iliongezeka.

Ila usije ukakisoma kisa hiki ukadhani ni cha Waislamu na Wakristo. Ni kweli Amin alikuwa Mwislamu, lakini Waislamu nao aliwaua bila kuwahurumia. Aliyekuwa waziri, Shaban Nkutu wa Busoga, ni mfano mmoja tu. Na miaka kumi hivi kabla ya Kizito na wenzake, babake Mwanga, Kabaka Mutesa, aliwachinja makumi ya vijana wa Kiislamu huko huko Namugongo, kwa kosa la kukataa kula nyama iliyochinjwa kinyume cha dini yao na kukataa kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa. Ardhi ile imekunywa damu ya dini zote.

Wapo pia wasomi wanaosema kuwa Luwum aliuawa kwa kuwa Mwacholi, wala si kwa kuwa Mkristo. Hoja hiyo ina uzito, maana Waacholi walikuwa wakiwindwa tangu 1971. Walakini haimalizi mambo. Oboth Ofumbi aliyekufa naye hakuwa Mwacholi, na Waacholi wengi ambao hawakuandika barua yoyote hawakusimamishwa juani mbele ya mabalozi. Kwa maoni yangu, kabila lilimfanya ashukiwe, lakini kilichomfanya asivumilike ni kule kusema kwake. Na alisema kwa sababu ya alichokiamini.

Hata hapa kwetu, viongozi wa kanisa waliosema hawakulala usingizi mtamu. Mwezi wa Aprili 1989 genge la watu lilivamia nyumba ya Askofu David Gitari huko Kirinyaga usiku wa manane. Yeye alipanda juu ya paa akapiga mayowe mpaka majirani wakaja kumwokoa. Askofu Alexander Muge wa Eldoret naye alionywa hadharani na waziri mmoja, mwezi wa Agosti 1990, asithubutu kukanyaga Busia. Alikwenda, akahubiri, na tarehe 14 mwezi huo akafariki katika ajali ya barabarani akiwa njiani kurudi. Waziri alijiuzulu. Mjadala kuhusu ajali ile haujatulia hadi leo.

“NAMPENDA IDI AMIN”

Kivengere hakungoja zamu yake. Usiku wa kuamkia ile Jumapili ya kaburi tupu, yeye na mkewe Mera walikuwa wakipanda milima ya Kigezi kwa miguu kuelekea Rwanda. Je, aliyekimbia ana imani ndogo kuliko aliyebaki? Swali hili huulizwa sana katika mafunzo ya Biblia ya vijana, na mimi huliona kuwa swali la watu wasiowahi kufukuzwa. Mitume wenyewe walitoroka miji, mmoja akiteremshwa ukutani ndani ya kapu. Bi. Mary Luwum pia alivuka na watoto wake wakaja Kenya, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu mjane huyo.

Lakini Kivengere alitoka na mzigo moyoni. Alikiri baadaye kuwa chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikimla, hata kuomba kukawa kazi. Kila alipolisikia jina hilo, alihisi sumu ikimpanda. Ijumaa Kuu ya mwaka ule ilimkuta London, akiwa ameketi kanisani akisikiliza habari za Yesu akiwaombea msamaha waliokuwa wakimpigilia misumari. Hapo ndipo alipoona kwamba kama Bwana wake hakumtenga askari yule wa misumari, yeye hana ruhusa ya kumtenga Amin. Mwaka huo huo akatoa kitabu kidogo ambacho jina lake, tukilifasiri, ni “Nampenda Idi Amin.”

Hebu fikiria jina hilo lilivyopokewa na wakimbizi wenzake jijini Nairobi, watu ambao waume na ndugu zao walitupwa mtoni! Kuna waliodhani amerukwa na akili. Kivengere hakuwa akisema kwamba mauaji si kitu. Katika kitabu hicho hicho aliyaeleza mauaji hayo bila kuyapamba. Alikuwa akisema kuwa hatamruhusu Amin kuwa mwenye nyumba ndani ya moyo wake. Alipoulizwa angefanya nini kama angekuwa na bunduki na Amin ameketi mbele yake, jibu lake lilikuwa kwamba angempa Amin hiyo bunduki na kumwambia hii ni silaha yako, yangu ni upendo.

Sitakuficha, msomaji, jibu hilo hunishinda. Ninaweza kulieleza, kuliishi ni jambo jingine. Najiuliza lingesikikaje masikioni mwa mzazi aliyempoteza mtoto katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na ambapo wauaji waliwabagua vijana kwa dini kabla ya kuwamiminia risasi. Siwezi kumwendea mzazi huyo na kitabu cha Kivengere mkononi. Kivengere mwenyewe ilimchukua wiki kadhaa, na hakuhimizwa na mtu.

Jambo moja ninaloweza kumsimulia mtu yeyote ni lile la basi la Mandera. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa Garissa, wanamgambo walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kuwaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Akina mama walikuwa wamewavisha abiria wenzao wa Kikristo hijabu zao. Mwalimu mmoja, Salah Farah, aliwaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki hapa Nairobi akipata matibabu. Ukinitaka nikutajie mwenzake Luwum katika nchi hii, nitakutajia Mwislamu huyo.

Kivengere alirudi Uganda mwaka wa 1979 baada ya Amin kuanguka, akaendelea na kazi yake Kigezi, na akafariki Nairobi mwaka wa 1988. Luwum yumo miongoni mwa wafiadini kumi wa karne ya ishirini ambao sanamu zao zilizinduliwa mwaka wa 1998 juu ya mlango wa kanisa kuu la Westminster Abbey, London, pamoja na Martin Luther King na Askofu Mkuu Oscar Romero. Nchini mwake, tarehe 16 Februari imekuwa sikukuu ya taifa tangu 2015, na mahujaji huelekea Mucwini kaburini kwake kama wanavyoelekea Namugongo tarehe 3 Juni.

Wakenya wengi huenda Namugongo, wengine kwa miguu kwa majuma kadhaa. Iwapo jamaa yako inapanga safari hiyo, usiishie Namugongo tu. Panda hadi Namirembe ulione kaburi la Hannington. Na kabla ya kuvuka mpaka, pitia Mumias, ambako kisa chake kina mlango upande wetu. Hannington alitoka Rabai mwezi wa Julai 1885, akapita nchi ya Wamaasai kwa miguu, akafika Mumias, iliyoitwa Kwa Sundu wakati huo. Aliacha hapo sehemu kubwa ya msafara wake chini ya Kasisi William Jones, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa India, naye akatangulia na wapagazi hamsini hivi. Huko Busoga walikamatwa, na tarehe 29 Oktoba akauawa pamoja na karibu wapagazi wake wote, watu wa pwani yetu ambao majina yao hayakuwekwa juu ya mlango wa kanisa lolote. Jones alingoja Kwa Sundu majuma mengi, hadi alipokuwa na hakika kwamba hakuna tena wa kungojwa. Kisha akawakusanya waliosalia na kuwarudisha Rabai, mwendo wa miezi miwili. Mifupa ya Hannington ilifika Mumias baadaye na kulala hapo kwa muda, mpaka mwisho wa mwaka wa 1892 ilipochukuliwa kwenda kuzikwa Namirembe.